Mita ya sola iliyokaa kimya, kisha ikajibu ovyo

Mzee mmoja mstaafu wa Kigamboni alinipigia Jumamosi asubuhi. Sola yake inafanya kazi vizuri, taa zinawaka, friji inagandisha, lakini kwenye simu sehemu ya uzalishaji imeandika "haipatikani" siku ya nne mfululizo. Mita ya zamani iliungua, akaweka mpya yeye mwenyewe, na tangu hapo nyumba yake janja haijui jua linaleta nini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, pita fundi. Kisanduku kiko huku kwenye korido."

Kabla ya kugusa kompyuta yoyote, nafungua kisanduku cha breka na kusoma kioo cha mita yenyewe. Yake ni ile ndogo ya kubana kwenye reli, upana wa breka moja. Kioo kilionyesha volti 230.2 na wati zaidi ya elfu moja na mia nane, saa nne asubuhi, mbingu nyeupe. Hapo nusu ya kazi imekwisha. Umeme unapita, mita inapima, na nyaya nene hazina kosa la kutafuta. Ugonjwa uko kwenye vile viwaya viwili vyembamba vinavyotoka kwenye mita kwenda kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inayoendesha Home Assistant, programu ya nyumba janja, kupitia adapta inayochomekwa kwenye kompyuta hiyo.

Mita hizi huzungumza Modbus, lugha ya mitambo iliyotungwa na kampuni ya Modicon mwaka 1979. Kanuni yake ni kwamba mita haisemi mpaka iulizwe. Kompyuta hutuma swali fupi la baiti nane. Kwa mita ya mzee, swali la volti ni hili: 01 04 00 00 00 02 71 CB. Maana yake, wewe mita namba 1, nisomee vipimo kuanzia rejista 0, rejista mbili (rejista ni kijisanduku cha kumbukumbu ndani ya mita). Baiti mbili za mwisho ni hesabu ya kuhakiki. Mita ikikuta hesabu hailingani na ilichosikia, au swali si la namba yake, inanyamaza tu. Hairudishi lawama wala onyo.

Ndiyo maana naitenga shida mapema kwa kuuliza jambo moja: mita iko kimya, au inajibu ovyo? Kimya maana yake kosa liko kwenye waya, anwani (ile namba ya mita) au kasi ya mazungumzo. Jibu la ovyo maana yake hayo yote matatu ni mazima, kwa sababu jibu limefika. Kosa liko kwenye namna unavyolisoma. Nimeona watu wakifuta programu nzima na kuiweka upya kwa sababu ya skrubu moja ambayo haikubana waya.

Ya mzee ilikuwa kimya. Na hakuwa amekaa tu. "Niligeuza zile nyaya za data, sikuona kitu, nikazirudisha. Nikabadilisha kasi, kimya vilevile, nikairudisha." Aliposema hivyo nikajua pa kuanzia. Makosa yalikuwa mawili kwa wakati mmoja. Mita ya zamani ilikuwa ikizungumza kwa kasi ya 9600, yaani biti 9600 kwa sekunde, na programu ilibaki hapo. Mpya ilitoka kiwandani na kasi ya 2400, ikawa inasikia maneno yakipita mbio mara nne kuliko uwezo wake. Papo hapo, nyaya zilikuwa zimepishana. Alipogeuza nyaya, kasi ilikuwa bado mbaya. Alipoweka kasi sahihi, nyaya alikuwa ameshazirudisha kwenye ubaya. Dawa zote mbili zilikuwa sahihi. Zilitakiwa zinywewe pamoja.

Hapa nasisitiza sana: nyaya mbili na kasi mbili ni hali nne, na ni moja tu inayojibu. Ziandike zote nne kwenye karatasi, jaribu moja baada ya nyingine, weka alama. Herufi A na B zilizochapwa kwenye adapta na kwenye mita usiziamini. Kiwango cha RS485, kinachoeleza jinsi viwaya hivi viwili vinavyobeba ujumbe, kinaita A ule waya ambao ni hasi laini ikiwa imetulia, lakini watengenezaji wengi wameandika kinyume chake. Kwa mzee, A ya adapta ilitakiwa iende kwenye B ya mita. Kugeuza viwaya hivi hakuunguzi kitu. Ila zima breka kuu na inveta kabla ya kuingiza bisibisi, maana sentimita chache pembeni kuna volti 230.

Watu hukimbilia pia kununua rezista ya omu 120 ya kuweka mwisho wa laini. Kwa waya wenye urefu wa mita kumi na mbili kama huu, kwa kasi ya 2400, si hiyo iliyonyamazisha mita.

Nikaunganisha adapta kwenye laptopu yangu na kuuliza kwa programu ndogo ya mbpoll, ili Home Assistant isiingilie. Hali ya tatu kwenye karatasi, mita ikajibu. Tukarudisha adapta kwenye Raspberry Pi, tukaweka kasi mpya, tukaiwasha upya, na simu ya mzee ikaonyesha volti 1,130,771,252.

Mzee alishtuka. Mimi nilifurahi. Namba ile ndiyo 230.2 yenyewe, imesomwa vibaya. Mita hii hutuma baiti nne, 43 66 33 34, ambazo ni namba yenye desimali. Programu ilikuwa bado na mipangilio ya mita ya zamani, ikazisoma kama namba kamili. Kubadilisha neno moja, kutoka int32 kwenda float32, kukaleta 230 na ushee.

Likabaki dogo. Wati zilikuja na alama ya kutoa mbele yake, kwa sababu waya wa inveta uliingizwa upande wa kutokea. Ukiona hivyo usigeuze alama kwenye programu ukaishia hapo: mita inahesabu uniti zinazopita kinyume kwenye rejista nyingine, na dashibodi ya nishati itaonyesha sifuri siku nzima. Tulizima, tukapima kwa testa kuhakikisha hakuna umeme, tukabadilisha nyaya.

Saa saba mchana wingu lilipita juu ya bati, na mstari kwenye simu ukashuka na kupanda tena. Mzee aliufuata kwa kidole. Ndani ya mlango wa kisanduku nimebandika kipande cha utepe: anwani 1, kasi 2400, float32, A kwenda B.