Laptop ya gemu inapiga filimbi? Usikimbilie kubadilisha feni

Malalamiko yanayonifikia sana siku hizi hapa tao si skrini kuvunjika wala chai kumwagikia kibodi, ni "fundi, hii laptop inalia". Na mara nyingi mwenyewe ashaambiwa na mtu ati feni imekufa, akalipa, ikawekwa ingine, akarudi nyumbani akafungua gemu na kile kisauti cha tiiiiii kiko pale pale.

Mimi sikimbilii bisibisi. Nauliza kwanza: sauti inabadilika ukifanya nini? Hilo swali linamaliza karibu kazi yote, manake kila kitu ndani ya mashine kina tabia yake ya kulia.

Tuanze na koili maana ndo inayolaumiwa kidogo na inalia sana. Ukifungua laptop ya gemu, kando ya prosesa na GPU (ile chipu ya kuchora picha) utaona vibonge vidogo vya kijivu vimepangwa kwa mstari, vingine vimeandikwa R15 ama R22 mgongoni. Hizo ni koili, na kazi yao ni kulainisha umeme unaposhushwa kutoka volti 19 ama 20 za chaja hadi karibu volti 1 ambayo chipu inataka. Umeme huo unawashwa na kuzimwa mara laki kadhaa kwa sekunde, na hiyo huwezi kuisikia, sikio la binadamu linaishia kama 20,000 Hz, yaani mitikisiko 20,000 kwa sekunde. Shida ni mzigo wenyewe. GPU inachora freimu, yaani picha moja ya gemu, inapumzika kidogo, inachora ingine, na kila mkondo ukiruka juu sumaku inavuta, waya na kiini cha koili vinatikisika. Kapasita za kauri, vile vidude vidogo vya kushika chaji, nazo hunenepa na kukonda kidogo sana volti ikibadilika, na zinatikisa bodi yote pamoja nazo.

Ndo maana laptop inalia zaidi kwa menyu ya gemu kuliko vitani! Kwa menyu hakuna kazi, GPU inatupa freimu mia kadhaa kwa sekunde, wakati mwingine inapita elfu, na huo mwendo sasa uko ndani ya sikio lako. Kama una kadi ya NVIDIA ingia NVIDIA Control Panel, tafuta Max Frame Rate, weka 60. Kilio kikishuka ama kikipotea, jibu umepata, ni koili, na haiui mashine. Watengenezaji wengi hata hawaihesabu kama kasoro, so usishangae ukiambiwa waranti haishughuliki nayo.

Kuna ile inalia bila gemu, unaskroli tu ukurasa na inafanya tsi tsi tsi kufuata kidole. Hiyo kawaida ni upande wa prosesa, inalala na kuamka haraka haraka kuokoa umeme. Kwa Windows, kwenye setingi za pawa, shusha Maximum processor state hadi 99%, tabo (ile spidi ya ziada ya prosesa) inazimwa, na mashine nyingi zinatulia. Utapoteza spidi kidogo, amua mwenyewe kama inafaa.

Sasa feni. Feni haina haraka. Ukifunga gemu, koili inanyamaza papo hapo, lakini feni inashuka polepole na sauti inashuka nayo mpaka inaisha. Hiyo peke yake inatosha kuzitenganisha. Na feni inaweza kupiga filimbi ikiwa mzima kabisa, piga hesabu: mizunguko 5,000 kwa dakika ni kama 83 kwa sekunde, feni za gemu za siku hizi ziko na mapanga hata 80, zidisha, unapata kama 6,600 Hz. Hiyo ni filimbi nyembamba sana na hakuna kitu kimeharibika. Feni mbovu yenyewe inakwaruza, na ukiinamisha laptop upande sauti inabadilika, hapo ndo beringi imeisha. Alafu tukumbuke Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko Mombasa, feni inabidi izunguke zaidi kutoa joto lile lile, na ukiongeza vumbi la Eastlands ndani ya heatsinki, ile chuma ya kutoa joto, basi inakimbia siku nzima. Safisha kwanza.

Chaja usiisahau. Iweke mbali na mashine, sikiliza kila moja peke yake. Kama chaja inanguruma tu stima ikipotea na uko kwa inveta ya solar, angalia ni inveta ya aina gani, zile za bei rahisi hazitoi wimbi laini na chaja nyingi hulalamika. Ikiwa na harufu ya kuungua, chomoa, hiyo si ya kujadili. Na skrini ikilia ukishusha mwangaza na kunyamaza ukipandisha, ni taa za nyuma. Spika je? Bonyeza myuti.

Kitu kimoja kinachekesha: mzee anakuja na kijana wake, kijana anaapa inalia, mzee anasema "huyu anataka tu laptop mpya". Nafungua menyu ya gemu, nashika simu yenye programu ya kuchora masafa ya sauti karibu na kibodi, na mstari unasimama wima pale 15,000 Hz. Mzee bado hasikii chochote, masikio hupoteza sauti za juu na umri, lakini mstari anauona.

Wanaopaka gundi ama rangi ya kucha juu ya koili, aisee wacheni. Koili nyingi za laptop zimefinyangwa zikafungwa, gundi haifiki ndani kwenye waya, mnazuia tu joto kutoka na fundi atakayekuja baadaye atawalaani.

Na ukienda Luthuli ama Moi Avenue hapa Nairobi kununua laptop ya eks-UK, yaani iliyotumika Uingereza, usiwashe tu Windows ukatoka. Beba gemu kwa diski ya nje, ifungue ukae kwa menyu dakika kadhaa kwanza bila chaja halafu na chaja, weka sikio juu ya kibodi, kabla hujatuma M-Pesa.