Nyaya za chaji kwenye Land Rover iliyofungwa injini ya Toyota: yanayosemwa na yaliyo kweli

Asubuhi yoyote hapa Ngamiani hukosi kuiona Land Rover ya enzi za mashamba ya mkonge, bodi ya zamani, lakini ukifunua boneti unakuta injini ya dizeli ya Toyota, aina ya 2L au 3L. Injini hupachikwa kwa umakini, gia zikaoana, propela ikapimwa. Halafu umeme unaungwa jioni ya mwisho, kwa haraka, kwa waya uliosalia. Nimefanya kazi ya umeme wa magari miaka mingi mjini Tanga, na matatizo mengi ya chaji niliyoyafungua yalianzia jioni hiyo.

"Waya wa zamani ukiwa mzima, uunganishe tu"

Waya ule wa chaji haukutengenezwa kwa alteneta ya Toyota, yaani mashine inayozungushwa na injini ili kuchaji betri. Land Rover nyingi za Series IIA zilitoka na dainamo ya Lucas C40, yenye ampia 22. Series III, zilizoanza mwaka 1971, nyingi zilipata alteneta ya Lucas 16ACR, ampia 34. Alteneta inayokuja na injini ya Toyota ya dizeli mara nyingi hufika ampia 60 au zaidi. Soma kibandiko chake kabla hujanunua waya.

Hesabu yake ni hii. Waya wa shaba wa milimita mraba 6, urefu wa mita 3, ukibeba ampia 60 unapoteza nusu volti njiani. Alteneta inatoa 14.2, betri inapata 13.7, na hiyo nusu inageuka joto ndani ya tepu nyeusi. Waya wa milimita mraba 16 katika safari hiyohiyo unapoteza chini ya volti 0.2. Mimi hufunga 16, sishuki.

Na kama gari lina kile kipimo cha ampia kwenye dashibodi, ujue umeme wa chaji unazunguka hadi nyuma ya mita ndipo urudi kwenye betri. Kikiwa kimeandikwa mwisho 30, usikipitishie ampia 60. Toa waya mnene kwenye bolti ya B ya alteneta, panapotokea umeme wa chaji, moja kwa moja hadi betri, na kwenye dashibodi weka kipimo cha volti.

"Alteneta kubwa itaunguza taa"

Hapana. Taa huchukua ampia inazozihitaji, na katauti, kidhibiti cha volti cha alteneta, hulinda volti zisizidi 14.5 hivi. Anayekunywa bila kushiba ni betri iliyokufa. Gari likisukumwa likawaka, betri hiyo huvuta kila ilichonacho alteneta, na hapo ndipo waya mwembamba wa chaji huanza kunuka.

"Bodi yote ni ethi, waya wa hasi wa nini?"

Hili la ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri, ndilo linalonisumbua kuliko yote, kwa sababu gari huwaka, hutembea, na mwenyewe huondoka ameridhika.

Mzee mmoja alikuja kutoka Muheza na Land Rover ya injini ya 2L. Akaniambia, "Mwanangu, hii ni kebo ya tatu ya mafuta mwaka huu. Zinaungua ganda, pedali inagoma kurudi." Nikamwomba, "Mzee, shika kebo hapa karibu na bati, nikipiga starta uniambie." Nikapiga mara mbili. Akautoa mkono haraka.

Injini imekaa juu ya mipira. Mipira haipitishi umeme. Aliyebadilisha injini aliuacha waya wa hasi wa betri kwenye chesisi, wala hakufunga waya kutoka chesisi kwenda kwenye injini. Umeme wote wa starta na wa chaji ukatafuta njia nyingine, ukaipata kebo ya mafuta. Dawa ilikuwa mkanda wa shaba wa kusuka kutoka kwenye bloku hadi kwenye chesisi, rangi ikakwanguliwa hadi chuma cheupe, bolti ikakazwa, grisi ikapakwa juu. Kwetu hapa, kwa gari linalolala Raskazone au linaloshinda barabara ya Pangani, hewa ya chumvi hula viungo vya ethi kimyakimya. Vifungue kila mwaka, uvisafishe.

"Waya ukiwa mnene hauhitaji fyuzi"

Waya wa chaji una moto wa betri saa zote, hata gari likiwa limezimwa. Ukisuguka ukagusa bati, betri ndiyo itakayoupiga shoti. Kwa hiyo fyuzi inakaa upande wa betri, karibu nayo kabisa. Kwa alteneta ya ampia 60 na waya wa 16, fyuzi ya 80 inafaa.

"Chomoa betri injini ikiwa inanguruma, ukiona haizimi alteneta ni nzima"

Naomba jambo hili tuliache. Betri ndiyo inayomeza mawimbi ya volti. Ukiichomoa ghafla alteneta ikiwa inachaji, volti huruka juu sana, na diodi (vipande vya ndani ya alteneta vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) au katauti inaweza kufa papo hapo. Isitoshe, injini ya dizeli ya pampu ya kawaida isiyo na solenoidi ya kuzimia, yaani vali ya umeme inayokata mafuta, itaendelea kunguruma hata alteneta ikiwa imekufa. Multimita ya bei ndogo inatoa jibu bila kuharibu kitu.

"Taa ya chaji ni ya kuangalia tu"

Kwa alteneta ya Lucas, mkondo mdogo unaopita kwenye balbu ile ndio unaoiamsha alteneta. Balbu ikiungua, huenda isichaji mpaka ukanyage mafuta sana. Toyota ya pini tatu, IG (ya swichi), L (ya taa ya chaji) na S (ya kupimia volti za betri), huamshwa na IG. Pini ya S ifikishe kwenye betri. Usiiunge nyuma ya alteneta, maana katauti itapima volti za alteneta yenyewe na kudhani betri imeshiba.

Kwa Land Rover za kabla ya 1967, angalia kwanza kama chesisi imeungwa kwenye chanya. Alteneta ya Toyota ikifungwa hivyo, diodi zinaungua mara moja.

"Njia fupi ndiyo bora"

Fupi ni nzuri, ila isipite juu ya ekzosi, ambayo kwenye injini mpya inaweza kuwa upande tofauti na wa zamani. Alteneta ya 2L imebeba pampu ya vakyumu (ya kusaidia breki) mgongoni, na mpira wake wa oili usisuguane na waya. Acha mkunjo kidogo, maana injini hucheza. Kwenye tundu la bati, weka raba.

Ukimaliza, washa injini, taa kubwa na feni. Pima kati ya bolti ya B na chanya ya betri, kisha kati ya bodi ya alteneta na hasi ya betri. Kila upande usizidi volti 0.2. Ile ya Muheza ilisoma 0.9 upande wa hasi siku ilipofika. Ilipoondoka ilisoma 0.05, na mzee akaenda na kebo ileile ya tatu.