Piano ya kidijitali ya kuanzia: nunua kii kwanza, sauti baadaye

Wazazi wengi wanaonipigia simu kabla ya kumnunulia mtoto piano huanza na swali moja: ina sauti ngapi? Dukani wameambiwa kwamba chombo hiki kina sauti mia sita za ala mbalimbali na midundo mia mbili, na kile kingine, ambacho bei yake imekizidi mbali, kina sauti kumi tu, nao hawaelewi kwa nini chenye kumi kiwe ghali kuliko chenye mia sita. Mimi nafundisha piano majumbani hapa Dar es Salaam, na jioni nikitoka kufundisha hufungua vinanda na piano za kidijitali zilizoharibika nikazitengeneza, kwa hiyo vyombo hivi navijua kwa nje na kwa ndani. Jibu langu kwa wazazi hao halijabadilika kwa miaka mingi: kwa mtu anayeanza, fedha yako iende kwanza kwenye kii, yaani vile vibao vyeupe na vyeusi vinavyoguswa na vidole, kwa sababu ndivyo vitakavyomfundisha mtoto hata saa ambazo mwalimu hayupo.

Ili hoja hii ieleweke, ni lazima tutenganishe piano na kinanda tulichokizoea kanisani. Kinanda cha kanisani, ukikibonyeza kwa upole au kwa nguvu, sauti inayotoka ni ile ile. Ukubwa wake unaamuliwa kwingine, si kwenye kidole. Piano ilibuniwa kwa kusudi la kuondoa hali hiyo. Bartolomeo Cristofori, fundi wa Florence, mnamo mwaka 1700 hivi aliunda ala ambayo kila kii yake husukuma nyundo ndogo inayopiga nyuzi, na jina la mwanzo la ala hiyo lilimaanisha ala inayoweza kulia kwa upole na kwa nguvu. Mpiga piano hujifunza maisha yake yote kuitawala nyundo hiyo asiyoiona. Piano ya kidijitali haina nyuzi, lakini iliyotengenezwa vizuri ina nyundo chini ya kila kii, vipande vya uzito vinavyopanda na kushuka, ili kidole kikutane na ukinzani kama ule wa piano ya nyuzi. Zile za upande wa kushoto, zenye sauti nzito, hufanywa nzito kidogo kuliko za kulia, kama ilivyo kwenye piano halisi. Kinanda chepesi cha kii 61 kina springi tu, nacho hurudisha kidole juu kama kitufe cha rimoti.

Ndani yake mambo yako hivi. Ukiifungua piano ya kidijitali na kuondoa kii, chini yake utakuta ukanda mrefu wa mpira wenye vijivimbe vidogo vilivyopangwa safu, na ndani ya kila kijivimbe mna madoa mawili meusi ya kaboni. Kii inaposhuka, doa la kwanza hugusa bodi ya umeme mapema, la pili hugusa baadaye kidogo. Mashine hupima muda uliopita kati ya miguso hiyo miwili. Muda ukiwa mfupi, kidole kilikuja kwa kasi, na sauti itatoka kubwa. Muda ukiwa mrefu, sauti itatoka ndogo. Kipimo hicho hugeuzwa kuwa namba kati ya 1 na 127, kwa mujibu wa utaratibu wa MIDI, yaani lugha ya pamoja ya ala za kielektroniki, ambao watengenezaji waliukubali mwaka 1983 na ambao bado unatumika. Kwa hiyo piano ya kidijitali haipimi nguvu ya kidole hata kidogo. Inachopima ni mwendo wake. Kii yenye uzito humlazimu mwanafunzi kuuongoza mwendo huo kwa mkono mzima, ilhali kii ya springi humruhusu kudonoa kwa ncha za vidole.

Matokeo yake niliyaona waziwazi kwa msichana wa miaka tisa aliyekuja kwangu baada ya kujifunza kwa miaka miwili kwenye kinanda chepesi. Nota alizijua vizuri, mapigo yake yalikuwa sahihi, na alicheza bila kusitasita. Siku nilipomketisha mbele ya piano ya nyuzi, kodi ya kwanza, yaani nota nne za kupigwa pamoja, aliyoibonyeza ilitoa sauti mbili kati ya nne. Kidole chake cha nne na cha tano vilishuka, kii zikashuka pamoja navyo, lakini nyundo hazikufika kwenye nyuzi. Aliiangalia mikono yake, kisha akaniangalia mimi, akauliza kama piano ni mbovu. Ilituchukua muhula mzima kuvijenga vidole ambavyo vingejijenga vyenyewe kama angeanza kwenye kii zenye uzito. Mtoto yule hakuwa na kosa lolote, na ndiyo maana jambo hili bado linaniuma.

Kwa hiyo ukienda dukani tafuta kii 88 zenye nyundo. Vyombo vya daraja la kuanzia vinavyotimiza sharti hilo si vingi sana: Yamaha P-45 iliyotoka mwaka 2015 na P-145 iliyoifuata mwaka 2023, Roland FP-10 ya mwaka 2019, Casio CDP-S110, Korg B2, na kwa mwenye uwezo zaidi kidogo, Kawai ES120. Huko Marekani kadhaa kati ya hizi zimekuwa zikiuzwa kwa dola 500 hivi. Hapa kwetu ongeza usafiri, ushuru na faida ya muuzaji, na hesabu hubadilika kila mzigo mpya unapoingia.

Nikilazimika kuchagua moja kwa ajili ya mwanafunzi wangu, na bei zikiwa zinakaribiana, huchagua Roland FP-10. P-45 ina miguso miwili chini ya kila kii kama nilivyoeleza. FP-10 ina mitatu, na ule wa tatu huiwezesha kii kupiga tena kabla haijarudi juu kabisa, jambo ambalo mwanafunzi ataanza kulihitaji mara atakapofika kwenye vipande vyenye nota moja inayorudiwa haraka. Uso wa kii zake pia una ukwaru kidogo, usioteleza kwa jasho, na kwa joto la Dar es Salaam hilo si jambo dogo. Pungufu lake ni kwamba haina tundu maalumu la kuunganisha kwenye amplifaya, kuna la hedifoni tu, kwa hiyo kama unanunua chombo cha kutumika nyumbani siku za juma na kanisani Jumapili, lifikirie hilo kabla ya kulipa. CDP-S110 nayo ina sifa ambayo wenzetu wa nchi zisizokatika umeme hawaijali: hutumia pia betri sita za AA. Kwa nyumba ambayo umeme hukatika saa za jioni, ambazo ndizo saa za mazoezi, ningeelewa kabisa mtu akiichagua kwa sababu hiyo peke yake.

Je, kii 88 ni lazima? Hapa niseme kwa haki. Piano aliyoitumia Mozart huko Vienna ilikuwa na oktava tano, yaani nota 61, na karibu muziki wake wote wa piano uliingia humo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili hatoki nje ya oktava hizo. Sababu ya kudai 88 ni kwamba sokoni kii zenye nyundo na idadi hiyo huuzwa pamoja karibu daima; ukikubali 61, kwa kawaida utakuwa umekubali na springi. Ndiyo maana mimi humshauri mwenye bajeti ndogo anunue piano ya mtumba yenye kii 88 za nyundo kuliko kinanda kipya kabisa cha kii 61. Bodi ya mitihani ya ABRSM ya Uingereza, ambayo mitihani yake hufanywa pia Kenya na Uganda, huiruhusu piano ya kidijitali, mradi iwe na kii za ukubwa kamili zenye uzito, zinazoitikia mguso wa kidole, pamoja na pedali ya kudumisha sauti.

Kuhusu polifonia, yaani idadi ya nota ambazo mashine inaweza kuziliza kwa wakati mmoja, usikeshe ukiifikiria. P-45 ina 64, FP-10 ina 96, ES120 ina 192, na anayeanza hatazimaliza zile 64.

Anayetaka kupiga taarabu namwambia mapema kwamba anatafuta chombo kingine. Makamu za taarabu, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, zina sauti zinazoangukia katikati ya kii nyeupe na nyeusi, na piano hizi za kuanzia kwa kawaida hazina njia ya kuzishusha nota kwa robo toni. Vinanda vilivyotengenezwa kwa ajili ya muziki wa Kiarabu vinayo. Na kwa wapigaji wa kwaya nina ombi. Wengi wetu tulijifunza kupiga kila wimbo kwa do ya C, halafu tukatumia kitufe cha kupandisha au kushusha ufunguo ili kuifuata sauti ya waimbaji. Kitufe hicho kimo katika piano hizi pia. Tafadhali usimfundishe mtoto kukitegemea, kwa sababu atakua akijua ufunguo mmoja tu, na siku atakapokutana na piano ya nyuzi, ambayo haina kitufe hicho, atakwama mbele ya watu.

Mtumba unahitaji subira. Uwashe, weka sauti kiasi cha kati, kisha pita kii zote 88 moja baada ya nyingine, polepole, kwa upole ule ule. Nota itakayoruka na kupiga kelele katikati ya zilizo tulivu inakuambia kwamba miguso yake imechafuka au imelika. Mara nyingi vumbi na chumvi ya hewa ya pwani ndivyo vilivyoingia, na usafi wa pamba yenye alkoholi huirudisha. Nota isiyolia kabisa huenda ikawa na tatizo lile lile, au ukanda wa mpira umechanika. Kii inayogonga kama mbao kwa mbao imekwishiwa kitambaa kizito kinachoipokea chini, nacho hubadilishwa. Nota kadhaa zilizopakana zikizimika pamoja, shuku bodi ya umeme, na hapo mimi ningeiacha piano hiyo hapo hapo dukani.

Halafu geuza adapta usome maandishi yake. Piano zilizotumika Japani huenda zikaja na adapta ya volti 100, na zile za Marekani ya volti 120, wakati umeme wetu ni volti 230. Mteja wangu mmoja aliuziwa piano nzuri sana dukani, akaihakikishia familia kwamba muuzaji ameijaribu, akaichomeka nyumbani ukutani moja kwa moja. Nilipoletewa, adapta ilikuwa imevimba na chumba cha karakana yangu kilinuka plastiki iliyoungua kwa siku mbili. Adapta iliyoandikwa 100 hadi 240 haina tatizo. Ukinunua mbadala, linganisha volti za upande wa piano, ampea zisipungue, na uangalie ule mchoro mdogo unaoonyesha kama chanya iko katikati ya plagi au pembeni, kwani kuzigeuza kunaweza kuiua bodi.

Weka akiba ya stendi, kiti na pedali ndani ya bajeti tangu mwanzo. Stendi ya umbo la X huyagonga magoti na huyumba. Meza imara ni bora kuliko hiyo. Uso wa kii uwe sentimita 72 hivi kutoka sakafuni, na kiti kipandishwe kwa mito au mbao mpaka kiwiko cha mtoto kiwe usawa wa kii, huku miguu yake ikikanyaga kitu, hata kama ni kreti ya soda iliyopinduliwa. Pedali inayokuja kwenye boksi mara nyingi ni kijisanduku chepesi kinachokimbia kwenye vigae. Nunua ile nzito yenye umbo la pedali ya piano. Ukiichomeka ukakuta sauti zinadumu mguu ukiwa juu na kukatika ukikanyaga, haijaharibika. Watengenezaji hawakubaliani kuhusu mwelekeo wa swichi hiyo, na pedali nyingi zina kiswichi chini yake cha kuugeuza.

Ukishaifikisha nyumbani, usiiweke chini ya dirisha linalotazama bahari, na usiku uifunike kwa kanga. Nailoni huuzuia unyevu usitoke, na piano nyingi ninazozifungua zikiwa na kutu kwenye skrubu zilifunikwa kwa nailoni na wenyewe waliodhani wanazitunza.