Meneja wa tawi hujulikana mlango wa nyuma

Mwezi uliopita mwenye supamaketi yenye matawi manne alinipigia simu akitaka nimwandikie tangazo la kazi. Alikuwa amemwachisha kazi meneja wa tatu katika muda wa miaka miwili, tawi lile lile. Nikamwuliza hao watatu aliwahoji wapi. Akasema ofisini kwake, ghorofa ya juu, chai ikiwa mezani. Nikamwomba tangazo lisubiri kwanza.

Kazi yangu ni kuwatafutia wenye maduka mameneja na wakuu wao, hapa Nairobi na miji ya karibu. Kabla ya hapo nilikuwa karani wa kupokea mizigo, nikisimama mlango wa nyuma tangu saa kumi na moja alfajiri nikihesabu kreti za mkate. Ndiyo maana nalitazama duka kuanzia huko nyuma, na kila mwaka unaopita nazidi kuamini kwamba meneja naye anafaa kutazamwa kutokea huko.

Wengi humpima meneja kwa mauzo. Mauzo ni muhimu, lakini mengi yake yanatokana na mahali duka lilipo, bei zilizopangwa makao makuu na tarehe ya mishahara. Kilicho mikononi mwa meneja hasa ni mali isipotee kati ya lori na tili. Dereva analeta kreti 40, zinashushwa 38, karatasi inagongwa muhuri wa 40. Mkate wa jana unarudishwa kwa msambazaji bila hati ya marejesho, na mwisho wa mwezi hakuna anayekumbuka ni mikate mingapi. Hakuna mteja aliyeona chochote na mauzo yanasoma vizuri kabisa.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme duka, baada ya gharama zote, linabakiwa na shilingi 3 katika kila 100 ya mauzo. Paketi ya unga wa kilo 2 inauzwa 150, basi faida yake ni shilingi 4 na nusu. Paketi moja ikipotea, unahitaji kuuza zaidi ya 30 nyingine ndipo urudi ulipokuwa. Robota la unga lina paketi 12, kwa hiyo karibu marobota matatu yameuzwa bure. Mtu asiyeisikia hesabu hii mwilini asipewe funguo za duka, hata awe na shahada ngapi.

Basi mimi huwapeleka waombaji dukani. Jumamosi asubuhi, duka likiwa limejaa, namwambia mwombaji: zunguka saa moja, ingia popote, uliza yeyote, kisha uje unieleze ulichoona. Mwenye duka anakuwa ameshawaambia wafanyakazi wasifiche kitu.

Namkumbuka mama mmoja aliyekuwa naibu meneja wa duka dogo la mtaani. Alianzia kwenye friji ya maziwa. Akagusa paketi kwa mgongo wa mkono, akaingiza mkono hadi ndani, akatoa paketi za nyuma na kuzilaza kando ya za mbele. Za nyuma zilikuwa zinaisha muda kesho kutwa, za mbele wiki iliyofuata. Hakumgombeza mtu. Alimwita kijana wa rafu, akamwonyesha, wakazipanga upya pamoja, kisha akamwuliza, "Kaka, friji hii hujazwa saa ngapi?" Kumbe ilijazwa saa ya msongamano wa wateja, kijana akijazia mbele kwa haraka ili apishe watu.

Halafu akaenda nyuma. Akamwamkia mzee wa mapokezi, akaomba kitabu cha mizigo, akakifungua juu ya magunia ya sukari na kukisoma akiwa amesimama. Akarudi kurasa tano, akaja mbele tena. Kisha akamwambia kwa upole, "Mzee, hapa mko makarani wawili kwa zamu. Mbona Jumatatu mpaka Ijumaa ni mwandiko mmoja na kalamu moja?" Mzee akanyamaza. Kitabu kilikuwa kimeandikwa kwa kikao kimoja, Ijumaa jioni, kwa kunakili karatasi za madereva. Mwenye duka alikuwa akikitia sahihi kila mwisho wa wiki.

Kazi alipewa yeye. Mwombaji aliyemtangulia alikuwa msomi mzuri, mwenye maneno ya kupendeza kuhusu wateja, na katika saa yake moja hakuukaribia mlango wa stoo.

Baada ya mzunguko ndipo tunakaa kuzungumza. Swali nisiloliacha ni hili: keshia unayemwamini amepungukiwa shilingi 2,000 jioni ya tarehe 30, utafanya nini kabla hajaenda nyumbani? Wapo wanaojibu mara moja kwamba watamkata mshahara. Anayeijua kazi husema watahesabu tena pamoja, wataangalia risiti zilizofutwa, kisha watalinganisha malipo ya M-Pesa, kwa sababu mara nyingi mteja amelipa kwa simu na keshia akabonyeza pesa taslimu. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo hairuhusu kumkata tu: inaruhusu kwa upungufu uliotokana na uzembe au ukosefu wa uaminifu wa mtu ambaye mkataba wake unamkabidhi pesa. Meneja anayekata kwanza na kuuliza baadaye hufundisha makeshia kuficha, na upungufu unaofichwa hukua.

Wadhamini wanaoandikwa kwenye wasifu nawapigia, lakini sijawahi kusikia mdhamini akisema vibaya. Kwa ruhusa ya mwombaji, nazungumza na watu wa mauzo wa kampuni za mkate, maziwa na soda waliomhudumia. Hawa wanajua mengi. Wanajua ni nani alikuwa akitaka kitu kidogo ndipo bidhaa zipate rafu ya usawa wa macho, na ni nani aliyekuwa akiwarudisha bila ubishi wakichelewa. Mmoja aliwahi kuniambia kuhusu meneja fulani, "Huyo alinihesabia kreti kwenye mvua." Sikuhitaji sifa nyingine.

Kuhusu kupandisha watu wa ndani, naliunga mkono kwa moyo wote, ila keshia hodari kuliko wote si lazima awe meneja hodari. Ukimtoa kwenye tili bila kumpitisha mapokezi, stoo na hesabu ya mali, umepoteza keshia na umemwumiza binadamu. Mpe angalau miezi mitatu huko nyuma kwanza. Mshahara sitausemea sana: ukimlipa anayelinda mali ya mamilioni kidogo kuliko kodi ya nyumba yake na karo ya watoto, unamjaribu.

Kwa wakuu wa juu, yaani mkurugenzi mtendaji, mkuu wa ununuzi na mkuu wa fedha, mlango wa nyuma ni ule ule, ila sasa swali ni nani analipwa na lini. Sisi Kenya tuliliona hili kwa macho. Kampuni ya supamaketi ya Nakumatt ilifika matawi zaidi ya 60 katika nchi nne, Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Wasambazaji walipokaa muda mrefu bila kulipwa, wakaacha kuleta, na wateja wakakuta rafu tupu kwenye majengo mazuri. Januari 2018 ikawekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifilisiwe. Maelfu walipoteza kazi, na wenye viwanda vidogo walioikopesha bidhaa waliumia vibaya. Kwa hiyo mgombea wa cheo kikubwa akinieleza matawi aliyofungua, namsikiliza kwa heshima, kisha namwomba anieleze tawi alilokataa kufungua na sababu. Namwuliza pia alikuwa akiwalipa wasambazaji baada ya siku ngapi, na ni nani alilipwa kwanza pesa zilipokuwa haba.

Yule mwenye matawi manne tumeshampatia mtu. Yuko kwenye miezi sita ya majaribio, kiwango cha juu kinachowekwa na ile Sheria ya Ajira kabla ya kukubaliana na mfanyakazi kuiongeza. Tumepanga hesabu ya mali siku alipoingia, mwezi wa tatu na mwezi wa sita, ikihesabiwa na watu wa tawi jingine. Kabla ya barua ya uthibitisho nitakwenda mwenyewe saa kumi na moja alfajiri, lori la mkate likiwa linarudi nyuma kuelekea mlangoni, nione kitabu kinaandikwa saa ngapi.