Kukariri ni kitu kimoja, ninachopima ni kingine

Jumatatu iliyopita, hapa Mbeya, mama mmoja alinisimamisha mlangoni akiwa amemshika mkono mwanawe wa darasa la pili. "Mwalimu, huyu nyimbo zote za kwaya ya watoto anazijua, tebo ya tatu anaimwaga mpaka mwisho. Leo naambiwa kumbukumbu yake ni dhaifu. Ulimpima nini?"

Nimeulizwa hivyo mara nyingi mno, na walimu pia. Neno "dhaifu" sikuliandika. Niliandika alama, mtu njiani akaigeuza kuwa hukumu.

Nilimpima kumbukumbu tendaji, yaani uwezo wa kushika jambo akilini huku ukilifanyia kazi. Tebo ya tatu imeingia kwa kurudiwa mara nyingi sana. Kila namba inaivuta inayofuata. Mimi namsomea namba, moja kila sekunde: nane, mbili, tano. Anirudishie kuanzia ya mwisho. Hapo hakuna wimbo wa kumbeba, azishike na azigeuze kwa wakati mmoja. Mtoto huyu alisema "tano", akanyamaza. Midomo ikaanza kucheza: nane, mbili, tano, kidole kikigonga paja mara tatu. Kisha akatoa: "Tano, mbili, nane." Zilipofika nne, akapotea. Ule mnong'ono ni mbinu, tena nzuri, lakini fomu yangu haina sehemu ya kuuandika.

Nikitaka kukwepa maneno natumia kipimo cha Corsi, chenye vibao tisa: nagonga vichache, naye aviguse kwa mfuatano uleule.

Kinachoniudhi zaidi ni kipimo cha kadi za picha, kama za sungura, zenye rangi tofauti, kinachopima uwezo wa kubadili kanuni. Mtoto wa miaka mitatu anapanga kwa rangi, vizuri kabisa. Unamwambia sasa tunapanga kwa umbo, yaani kwa kilichochorwa. Muulize, "Sungura wanakaa wapi?" Ananyoosha kidole panapostahili. Mpe kadi ya sungura: anaiweka kwa rangi. Kanuni mpya anaijua, anaitamka, mkono unafuata ya zamani. Mwanasaikolojia Philip Zelazo na wenzake waliieleza hali hii miaka ya tisini. Halafu mtu mzima pembeni ananiambia, "Huyo mbishi, hasikii." Jamani, amesikia! Amekujibu sasa hivi! Anachokosa ni uwezo wa kuiacha kanuni ya kwanza, na uwezo huo unakua kwa umri. Fimbo haiuharakishi.

Kwa darasa la kwanza kadi hizo ni rahisi mno, kwa hiyo tunatumia zenye kuchanganya: yenye mstari pembeni panga kwa rangi, isiyo nao panga kwa umbo. Kwanza namwambia ataje rangi zote. Nimekutana na watoto wanaoita bluu "kijani". Bila kuuliza, ningewahesabia kosa la kubadili kanuni kumbe ni kosa la jina.

Sasa niseme linalonisumbua. Ng'ambo ya Tunduma, kule Zambia, mwanasaikolojia Robert Serpell aliwapa watoto wa Lusaka na wa Manchester, Uingereza, kazi ya kunakili maumbo, matokeo akayachapisha mwaka 1979. Kwa waya, watoto wa Lusaka waliwashinda wenzao. Kwa penseli na karatasi, wakashindwa. Kwa udongo wakatoshana. Macho yaleyale, vichwa vilevile, kilichobadilika ni kilichokuwa mkononi. Watoto wetu hukunja waya wakatengeneza magari yenye usukani unaogeuka, nami nawapa kadi zilizochorwa. Sehemu ya alama zangu huenda ni mazoea ya kadi, na siwezi kuichuja yote. Nikirudia kipimo wiki inayofuata alama hupanda, lakini si lazima awe amekua. Pengine ameuzoea mchezo. Na mtoto wa yule mama tulimpima Julai, saa mbili asubuhi, kwenye korido yenye upepo, hana sweta. Baridi ya Mbeya mnaijua. Nilipaswa kuahirisha, sikuahirisha, na kosa hilo ni langu.

Haya yote nilimweleza mama pale mlangoni. Nikamuuliza, "Ukimtuma dukani vitu vinne, bila kumwandikia, anarudi na vingapi?"

Akamtazama mtoto. "Mwalimu, huwa namwandikia. Zamani nilikuwa namtuma hivihivi, anarudi na chumvi na kiberiti, vingine anarudi kuuliza."

"Na kurudi kuuliza alianza mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Hilo nimelichukua, nikaliandika kwa mkono chini ya fomu. Tumekubaliana aje tena Septemba, jua likishawaka, tukae ndani.