Saruji haiokoi klabu ya zamani, jamani

Wiki hii tena nimeletewa ushauri uleule kuhusu ile klabu ya zamani ya maafisa wa jeshi tunayoihifadhi hapa Iringa, eti bandueni chokaa mpige lipu ya saruji itakaa milele. Haikai, na ikikaa inaua ukuta.

Ukuta ule ni tofali za kuchoma na mota ya chokaa, msingi hauna kitu cha kuzuia unyevu, kwa hiyo mvua zikianza Desemba maji yanapanda kutoka ardhini na kutokea kwenye lipu. Chokaa inayapitisha. Saruji inayafungia, yanapanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea, yakikauka yanaacha chumvi, na chumvi ikiganda ndani ya tofali inalipasua. Kwa nje unaona lipu safi, ukiigonga inalia tupu, ukiibandua inatoka na uso wa tofali, halafu lawama wanabebeshwa waliojenga!

Kinachoniuma zaidi ni ukumbi wa dansi. Sakafu ni mbao juu ya boriti, chini yake pako wazi, na kwa nje kuna vitundu vya hewa. Watu wanaviziba kwa zege eti panya wanapita. Panya anazuiwa na wavu wa waya tu jamani! Ukiziba, boriti zinaoza kuanzia ncha zilizoingia ukutani, ambako huoni, mpaka siku mtu azame mguu. Pengine ni udongo wa bustani ndio umepanda ukavifunika, kwa hiyo ukarabati unaanza na jembe, shusha udongo, kisha tengeneza gata ili maji ya bati yaende mbali na msingi. Rangi baadaye kabisa.

Chokaa ina masharti, nakubali. Inashika taratibu kwa kuvuta hewa ya ukaa, na kwa upepo wetu wa Agosti inakauka kabla haijashika, lazima uifunike magunia mabichi siku kadhaa, na fundi anayelipwa kwa mita hawezi kukusubiri, ana familia. Lakini msiseme haipatikani, mawe ya chokaa ya Songwe ndiyo hayohayo yanayochomwa na kusagwa kuwa saruji.

Saruji iliyokwishapigwa ndiyo inaninyima usingizi. Vitabu vinasema itolewe yote. Ila pale iliposhika sana, patasi inang'oa tofali kuliko hata chumvi. Mimi natoa iliyoanza kuachia, iliyong'ang'ania naikata mkanda mmoja tu chini, ukuta upate pa kupumulia. Sijui kama inatosha. Nyuma ya kaunta ya baa nimeweka alama za penseli, mvua zikikatika ndipo tutajua unyevu umefika wapi.