Je, ni kweli Ziwa Natron hugeuza wanyama kuwa mawe?

Mwaka 2013 picha za Nick Brandt, mpiga picha Mwingereza, zilizunguka dunia: heroe, popo na furukombe waliokauka wima kandokando ya Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania. Vyombo vingi vya habari vikaandika kuwa mnyama akigusa maji yale hugeuka jiwe. Si kweli, na lakini habari hiyo haifi; kila baada ya muda husambazwa upya.

Brandt hakuwakuta katika mikao ile. Alieleza mwenyewe kwamba aliokota mizoga ufukweni, kisha akaipanga juu ya matawi na mawe ionekane hai. Kuhusu kilichowaua, aliandika kuwa hakuna ajuaye kwa hakika. Yeye alidhani uso wa ziwa, unaoakisi anga, huwachanganya ndege wakajibamiza majini. Hiyo ni dhana tu.

Kinachoeleweka vizuri ni kwa nini mizoga haiozi. Volkano ya Ol Doinyo Lengai, kusini mwa ziwa, hutoa lava yenye kabonati ya sodiamu kwa wingi. Mvua na chemchemi hubeba madini hadi ziwani, na kwa kuwa hakuna mto unaotoka humo, jua hukausha maji na kuacha magadi, ndugu wa yale yanayolainisha maharage jikoni. pH ya maji, yaani kipimo cha asidi au ukali wa magadi, hufika 10.5.

Mfikirie mtengenezaji wa ng'onda. Humpasua samaki, humtia chumvi, humwanika. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye nyama, na bakteria wa kuozesha hawawezi kuzaana pasipo maji. Siku chache baadaye samaki ni mkavu na mgumu, lakini bado ni nyama. Mzoga wa Natron hupitia hali hiyo hiyo, pamoja na ukali wa magadi unaowashinda bakteria wengi na ganda jeupe linalougandia kwa nje. Wamisri wa kale walikaushia maiti zao kwa madini ya jamii hii.

Magadi hudhuru walio hai pia, ila kwa namna nyingine. Mwaka 1962, katika Ziwa Magadi la Kenya, yaliganda miguuni mwa maelfu ya vifaranga vya heroe yakawa pete nzito, hadi watu wakaingia kuzivunja.

Na Natron ina uhai wa ajabu. Heroe wadogo, yaani aina ya heroe yenye umbo dogo na si vifaranga, hula viumbe vidogo vya kijani vinavyostawi katika maji hayo, na ngozi ngumu ya miguu huwakinga. Perege wa aina ya pekee huishi kwenye vijito vya moto pembezoni. Heroe hujenga viota vya tope katikati ya ziwa, ambako fisi na mbweha hawafiki kwa urahisi kwa sababu ya magadi hayo hayo. Mpango wa kiwanda cha magadi ulipoibuka miaka ya 2000, wahifadhi waliupinga vikali: Afrika Mashariki nzima, heroe wadogo hawana pengine pa kuzaliana mara kwa mara.